Siku 171 za Kris Bryant na Hii "Bado Hauko Tayari" Yenu

Kuna sentensi moja nataka tuizike: "Uko na talanta, lakini bado hauko tayari." Mimi nimeambiwa ofisini. Marafiki zangu wanaambiwa hotelini, kwa saluni, kwa benki wakiwa wamevaa tai ya kuazima. Na cha kushangaza, kila mara inasemwa na mtu ambaye tayari anaitumia kazi yako na anaitoza wateja bei kamili. Leo nataka tuangalie hiyo sentensi inatoka wapi, na nitatumia besiboli, kwa sababu huko hesabu yake imeandikwa waziwazi, hadi siku.

Ndio, besiboli. Najua. Nairobi nzima inabishana kuhusu Arsenal na Man U, na mimi niko hapa na mchezo wa watu wazima kutafuna mbegu za alizeti na kutema. Sababu yangu ni ya mtu asiye na kitu. Nashabikia Chicago Cubs kwa sababu uwanja wao, Wrigley Field, haukuwa na mechi ya usiku hata moja ya ligi kuu mpaka 1988, na hadi leo wanacheza mchana sana. Mechi ikianza saa saba na dakika ishirini mchana kule Chicago, kwetu ni saa tatu na dakika ishirini usiku. Mechi ya jioni ya New York inaanza huku saa nane usiku, na mimi asubuhi niko na kazi. Sikuchagua timu, ratiba ndiyo ilinichagulia.

Sasa sheria yenyewe. Ligi kuu ya Marekani, MLB, inahesabu kazi ya mchezaji kwa siku. Msimu uko na siku kama 187. Ukikaa katika kikosi cha timu kubwa siku 172, umehesabiwa mwaka mmoja kamili wa kazi. Ukifikisha miaka sita ya namna hiyo, unakuwa huru: unaenda sokoni na kila timu inaleta bei yake. Kabla ya hapo wewe ni wa timu iliyokuchukua. Miaka mitatu ya kwanza, kwa kawaida unalipwa karibu na kima cha chini cha ligi hata kama ni wewe unayejaza uwanja. Miaka inayofuata mnavutana na timu kuhusu mshahara, ikibidi mbele ya msuluhishi, lakini kuondoka huwezi.

Haya, jifanye wewe ndiye mwenye timu. Uko na kijana moto. Ukimwacha ligi ya chini wiki mbili tu za mwanzo wa msimu, hafikishi 172. Mwaka wake wa kwanza anaucheza karibu wote, lakini kwa vitabu si mwaka. Badala ya kumshikilia misimu sita, unamshikilia karibu saba. Umenunua msimu mzima wa mtu kwa wiki mbili za April.

Ndivyo Cubs walimfanyia Kris Bryant mwaka wa 2015. Na hii ni timu yangu, kwa hivyo msiniambie nina chuki.

2014 Bryant alikuwa ligi za chini na aliupiga mpira ukavuka ukuta mara 43. Mechi za maandalizi za 2015, zile za Machi kule Arizona, akauvusha ukuta mara 9 katika mechi 14, akaongoza ligi nzima. Hakuna mtu aliyekuwa na macho aliyeona kijana asiye tayari. Cubs wakamrudisha chini. Sababu? Ati aimarishe ulinzi wake kwenye besi ya tatu. Halafu April 17, tarehe ya kwanza kabisa ambayo kumwita kungewaachia ule msimu wa ziada, wakamwita. Wakasema ni kwa sababu wachezaji wa nafasi hiyo wameumia. Manze, hayo majeraha yalikuwa na heshima. Yalisubiri kalenda ikubali. Na ule ulinzi uliokuwa mbovu wiki mbili kabla ulikuwa umepona ghafla.

Mwisho wa msimu Bryant alikuwa na siku 171.

Sijui kama mnaisikia vizuri hiyo namba. Mwaka ni siku 172. Yeye 171. Alichaguliwa Mchezaji Chipukizi Bora bila kura hata moja kwenda kwa mwingine, mwaka uliofuata akawa mchezaji bora wa ligi yake, na usiku ule wa Novemba 2016 Cubs waliposhinda ubingwa wao wa kwanza tangu 1908, ni yeye aliyeuokota mpira wa mwisho na kuurusha huku mguu unateleza na uso unacheka. Kwa vitabu, mtu huyo huyo alikuwa amepungukiwa na siku moja.

Chama cha wachezaji kilipeleka malalamiko. Yalipelekwa 2015, uamuzi ukatoka mwanzoni mwa 2020. Sisi Wakenya tunajua kesi za kutembea na mkongojo. Msuluhishi akaamua kwamba Cubs hawakuvunja mkataba. Na hapo ndipo watu wengi hufunga kitabu: si unaona, ilikuwa halali! Bana, mimi sijasema haikuwa halali. Nasema walimdanganya. Kuna tofauti kubwa kati ya "sheria inaniruhusu kukuweka nje" na "hauko tayari." Ya kwanza ni ya mtu anayelinda pesa zake, na unaweza kumkasirikia mkaendelea na maisha. Ya pili inakufanya urudi nyumbani ukijichunguza kwenye kioo, ukitafuta kasoro ambayo haikuwepo.

Na malizeni stori. Ule msimu wa ziada waliopata kwa ile siku moja ulikuwa 2021. Julai 30, 2021, wakamuuza kwa San Francisco Giants. Hata hawakuumaliza naye.

Sasa turudi huku kwetu, kwa sababu hapa ndipo damu yangu inachemka.

Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 42, inasema muda wa majaribio usizidi miezi sita, na ukiongezwa, usiongezwe zaidi ya miezi sita mingine, na mfanyakazi akubali. Kifungu cha 37 kinasema kibarua akifanya kazi mfululizo hadi siku zake zijumlishe mwezi mmoja au zaidi, au akifanya kazi ambayo haiwezi kutarajiwa kuisha chini ya miezi mitatu, si kibarua tena. Anahesabiwa kama mfanyakazi wa mkataba, na anaanza kuwa na haki zake. Sheria nzuri kabisa. Lakini venye iliandikwa, ndivyo watu walivyojifunza kuihesabu. Uliza mtu yeyote aliyewahi kusimama kwa geti Industrial Area alfajiri. Atakuambia kuhusu mapumziko: unafanya wiki kadhaa, unaambiwa kazi imepungua, pumzika kidogo, halafu unarudishwa kama mtu mpya. Kazi haikupungua. Wewe ndiye ulikuwa unakaribia siku ya 172.

Mimi pia. Nilifanyia kampuni moja ya matangazo ya mitandaoni, sitaitaja, haina haja. Niliandika, nikashuti, nikahariri. Mkataba wa miezi mitatu. Ukiisha, wiki mbili nje. Halafu mwingine wa miezi mitatu. Nilipouliza kuhusu kuajiriwa kikamilifu nikaambiwa, kwa sauti ya upole ya watu wa HR, kwamba naonyesha uwezo lakini bado najengwa. Wiki ile ile video yangu ilikuwa ndiyo wanamuonyesha mteja mpya kama mfano wa kazi yao. Nilikuwa nimeiva vya kutosha kuonyeshwa mteja.

Mjomba wangu husema ni kwa sababu niliacha chuo. Ankoli, heshima zote, lakini waliomaliza tulikuwa tumekaa nao meza moja, mkataba uleule, mapumziko yaleyale. Mmoja alikuwa na digrii ya daraja la kwanza na hata yeye alikuwa "anajengwa." Tulikuwa majengo tupu mle ndani.

Na kama unafikiri hii ni tabia ya kampuni ndogo za mtaani tu, angalia walimu wanagenzi wa JSS. Watu waliosoma, wamesajiliwa, wako darasani wanafundisha somo lilelile na mwalimu wa kudumu, na wanapewa 20,000 kwa mwezi kabla ya makato kwa sababu jina la kazi yao ni uanagenzi. April 2024 Mahakama ya Ajira iliamua kwamba TSC haikuwa na mamlaka ya kuwachukua kwa mtindo huo, kwamba kazi yake ni kuajiri walimu. Mwezi uliofuata wanagenzi wakawa barabarani wanaandamana. Mwalimu ambaye hayuko tayari kuajiriwa lakini yuko tayari kuachiwa darasa zima la Grade 7. Nieleze hiyo nikiwa nimekaa.

Kuna mtu mmoja tu namshukuru katika hii mambo yote, na namshukuru kwa sababu mdomo ulimponyoka. Kevin Mather, aliyekuwa rais wa Seattle Mariners. Februari 2021 alikuwa anaongea na klabu moja ya Rotari kwa video, akadhani yuko na marafiki. Akasema yale yote ambayo timu zingine zilikuwa zikikataa kwa miaka. Kwamba vijana wao wa juu hawangeletwa uwanjani msimu uliopita kwa sababu ya saa ya siku za kazi. Kwamba Jarred Kelenic alipewa mkataba mrefu akaukataa, na kwamba angeanzia Tacoma, timu yao ya ligi ya chini, kwanza. Hakuna stori ya ulinzi wa besi ya tatu. Hesabu tu, imewekwa mezani.

Halafu akaendelea. Akasema Kiingereza cha Julio Rodríguez si kizuri sana. Julio, kijana kutoka Jamhuri ya Dominika, ambaye alikuwa akihojiwa kwa Kiingereza na watu wanamwelewa vizuri. Akalalamika pia kuhusu kumlipia mchezaji Mjapani mkalimani. Hapa Nairobi hii sehemu haihitaji maelezo. Kila mtu anamjua mtu aliyenyimwa kazi kwa sababu "r" na "l" zimebadilishana viti, kazi yenyewe ikiwa ni ya kukaa nyuma ya kompyuta na kutoongea na mtu. Video ikasambaa, na Mather akajiuzulu ndani ya siku chache. Wengine wote waliofikiri kama yeye lakini wakanyamaza, wakabaki na kazi zao.

Najua mtakachoniambia. Kelenic mwenyewe, alipoitwa Mei 2021, aliungua. Wastani wake wa kupiga msimu huo ulikuwa .181, na kwa asiyejua besiboli, hiyo ni namba ya kukufanya ulie bafuni. Kwa hivyo kweli hakuwa tayari! Inawezekana kabisa. Kuna watu hawako tayari, na kuna kazi zinahitaji muda. Daktari wa upasuaji, tafadhali, ajengwe mpaka amalizike. Lakini someni tena alichosema Mather. Sababu yake haikuwa kwamba Kelenic atashindwa. Sababu ilikuwa saa. Ukibahatisha jibu ukiwa umekokotoa swali lingine, bado hujalijibu hili. Na tena hata Bryant mechi yake ya kwanza alitoka kapa, mara 4 bila kupata kitu, mara 3 akikosa mpira kabisa. Mtu hukua akiwa uwanjani.

Hoja ya pili ni nzito kidogo: timu ndogo. Pittsburgh haina pesa za Los Angeles, ikimwacha kijana aondoke baada ya miaka sita inabaki na viti. Vivyo hivyo mama wa kibanda cha M-Pesa hawezi kuajiri kama benki. Hiyo naielewa. Lakini Cubs si mama wa kibanda. Na hata huyo mama, ninavyomjua, yeye husema ukweli: kijana, niko na elfu nane tu, ukipata pengine nenda. Hajawahi kumwambia mtu kwamba hajui kuhesabu float.

Kinachoniuma zaidi ni ile gharama ya kusubiri, kwa sababu anayeilipa ni yule aliyewekwa nje. Huko ligi za chini za Marekani vijana walikuwa wanalipwa vibaya sana. 2018 bunge lao lilipitisha kifungu, kikiwa kimefichwa ndani ya sheria kubwa ya bajeti, cha kuzikinga timu dhidi ya madai ya kima cha chini cha mshahara na saa za ziada. Kilipewa jina tamu kuhusu kuokoa mchezo wa taifa. Hadi 2022, mchezaji wa ngazi ya mwisho kabla ya ligi kuu alikuwa anapata karibu dola 17,500 kwa mwaka. Wachezaji walikuwa wanabanana vyumbani, wengine wanalala kwa magodoro ya kupuliza, wakisubiri kuwa "tayari." Halafu ndani ya muda mfupi mambo yakageuka: kesi waliyoifungua 2014 ikamalizwa 2022 kwa MLB kukubali kulipa dola milioni 185, mwaka huohuo wakaingia kwenye chama cha wafanyakazi, na 2023 mkataba wao wa kwanza ukapandisha ile 17,500 hadi 35,800. Zaidi ya mara mbili. Pesa zilikuwepo muda wote.

Na njaa ndiyo silaha ya huu mchezo. Ronald Acuña wa Atlanta alirudishwa chini Machi 2018 akiwa anapiga wastani wa .432, akaitwa April 25, akawa Chipukizi Bora. Mwaka uliofuata, akiwa na miaka 21, akasaini miaka minane kwa dola milioni 100. Watu wa besiboli walishika vichwa, kwa sababu sokoni angepata zaidi ya hapo kwa mbali. Lakini wewe ni kijana wa Venezuela, umetoka tu kuonyeshwa kwamba hawa watu wanaweza kukuweka nje wakitaka, na mbele yako kuna karatasi ya milioni 100. Ungefanya nini? Mimi ningesaini na kalamu ya kuazima. Ndio maana wasee wetu husaini mikataba ya "haki zote za video ni za kampuni milele" kwa elfu kumi na tano.

Sasa, jambo ambalo mabosi wa hapa hawapendi kusikia: huu ujanja unaweza kupunguzwa, na si kwa kuwaomba matajiri wawe na roho safi. 2022, baada ya timu kuwafungia wachezaji kwa miezi, mkataba mpya ulibadilisha malipo. Timu ikimweka kijana wa kiwango cha juu katika kikosi tangu mwanzo, na akaja kushinda tuzo, timu inaweza kupata nafasi ya ziada ya kuchagua wachezaji. Na kijana akimaliza wa kwanza au wa pili katika kura za Chipukizi Bora, anapewa mwaka kamili hata kama aliitwa kuchelewa. Matokeo? Mariners walewale wa Mather walimweka Julio uwanjani siku ya kwanza ya 2022. Akashinda Chipukizi Bora. Timu ikapata zawadi yake, na Julio akasaini mkataba wa angalau dola milioni 209. Kiingereza hakikumzuia kushika kalamu. Adley Rutschman wa Baltimore aliitwa Mei 2022, akamaliza wa pili, akapata mwaka wake. Paul Skenes wa Pittsburgh aliitwa Mei 2024, na mechi ya kwanza, kwa uchungu wangu, ilikuwa dhidi ya Cubs. Akashinda tuzo, mwaka wake ukahesabiwa wote.

Haijaisha yote. Kijana wa kawaida, yule asiye wa tatu bora wala wa ishirini bora, bado anapandishwa na kushushwa kama lifti ya jengo la Moi Avenue. Anarusha usiku mmoja, asubuhi anarudishwa chini ili apatikane mkono mpya. Hata hapo 2022 waliweka kikomo, mara tano kwa msimu, halafu lazima timu nyingine zipewe nafasi ya kumchukua. Sisi kikomo chetu kiko wapi? Nani anahesabu ni mara ngapi umeambiwa "tutakupigia"?

Huo mkataba wa MLB unaisha Desemba 1, 2026, na wachezaji watakaa tena mezani wakijua namba zao kwa kichwa. Sisi wengi hatujui zetu. Kwa hivyo chukua simu, fungua meseji za M-Pesa, tafuta malipo ya kwanza na ya mwisho kutoka kwa yule aliyekuambia hauko tayari, uhesabu siku. Halafu soma vifungu vya 37 na 42, ni kurasa chache tu. Jina la kampuni kaa nalo, sitaki kesi. Niandikie namba tu: walikutoa siku ya ngapi?